Kirai Kihusishi cha Kiingereza na Kazi Yake katika Sentensi: Uhakiki wa Mafunzo na Ufasiri Wetu

Miongoni mwa mambo ya sarufi ya Kiingereza yanayowatatiza wafasiri wetu, walimu wetu na watumishi wa serikali wanaoandika nyaraka kwa lugha mbili, hapana lililo dogo kwa umbo na kubwa kwa madhara kama kirai kihusishi. Vineno kama "in", "on", "at", "of", "from" na "with" ni vifupi mno hata mtu hudhani havihitaji kufikiriwa. Mfasiri husita mbele ya istilahi ya sayansi, akafungua kamusi na kuuliza wenziwe. Lakini afikapo kwenye "in" huandika "katika" na kuendelea na safari. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hapo ndipo anapojikwaa, na kwamba kujikwaa huko kwaweza kumgharimu mwananchi haki yake.

Mifano yetu mingi tumeitunga kwa kutumia mazingira ya Chikongola, kata mojawapo ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, pamoja na pwani inayoendelea hadi maingilio ya Mto Ruvuma. Tumefanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, mfano wenye mahali pajulikanapo hufahamika upesi kuliko mfano wa London. Pili, wakazi wengi wa sehemu hizo husema Kimakonde, Kiyao au Kimakua pamoja na Kiswahili, na lugha hizo zina mengi ya kutufunza kuhusu namna Kibantu kinavyoelezea mahali.

Umbo si kazi

Kirai kihusishi cha Kiingereza ni fungu la maneno linaloanza na kihusishi, na baada yake huja nomino au kitu kingine kinachosimama mahali pa nomino. Huo ndio umbo wake, na hakuna anayeubishia. Ubishi huanza tuulizapo kirai hicho kinafanya kazi gani. Vitabu kadha vya shule humwambia mwanafunzi kwamba kirai kihusishi "hufanya kazi ya kielezi", kisha vikapita. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomhangaisha mfasiri.

Na tutazame kirai kimoja tu, "from Chikongola", katika sentensi nne:

(1) "The traders from Chikongola have arrived."
(2) "The traders came from Chikongola."
(3) "The school is far from Chikongola."
(4) "From Chikongola to Mikindani is a long walk."

Katika (1) kirai kinaifafanua nomino: kinatuambia ni wafanyabiashara gani. Kazi yake ni ya kivumishi. Katika (2) kinakikamilisha kitenzi: kinatuambia walitoka wapi. Katika (3) kinalikamilisha neno "far", ambalo lingebaki likining'inia bila ya kutajwa mahali panapopimiwa umbali. Katika (4) virai viwili vimeungana na kukaa pale panapokaa kiima. Umbo halikubadilika hata kidogo, lakini kazi zimekuwa nne.

Kiswahili nacho hujibu kwa njia nne: "wafanyabiashara wa Chikongola wamefika", "walitoka Chikongola", "shule iko mbali na Chikongola", "kutoka Chikongola mpaka Mikindani ni mwendo mrefu kwa miguu". Mara tumepata "wa", mara kitenzi "toka", mara "na", mara "kutoka". Kama mfasiri angeitegemea kamusi peke yake, angeliona neno "kutoka" mbele ya "from" na kuliandika mara zote nne. Kamusi haikumdanganya, ila kamusi hueleza neno, na hapa lililotakiwa kuelezwa ni kazi ya kirai kizima.

A-unganifu na hazina ya upatanisho

Kirai kihusishi kinapofafanua nomino, Kiswahili kina chombo chake cha tangu zamani, nacho ni a-unganifu: wa, ya, la, cha, za na wenzao. Baadhi ya wanasarufi huliita neno hilo kihusishi, wengine huliweka kwenye kundi la vivumishi. Hatutaki kuamua shauri hilo hapa. Tunalotaka lionekane ni kwamba a-unganifu ina kitu ambacho "of" ya Kiingereza haina: hupatana na nomino inayofafanuliwa.

Ushahidi uko kwenye majina tunayoyatamka kila siku. Baraza lililoundwa kwa sheria mwaka 1967 huitwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Silabi "la" ya pili yatuambia kwamba "Taifa" linafafanua "Baraza". Lau ingeandikwa "Baraza la Kiswahili cha Taifa", maana ingegeuka: lingekuwa baraza linaloshughulikia Kiswahili kilicho cha taifa, pengine likaviacha vingine. Badiliko la silabi moja limehamisha kirai kizima kutoka nomino moja hadi nyingine.

Mfano mkubwa zaidi ni jina la nchi yetu. Kwa Kiingereza "of Tanzania" hufafanua "United Republic", yaani jamhuri iliyoungana. Kwa Kiswahili twasema Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Hapa "wa" imepatana na "Muungano" wala si na "Jamhuri". Hivyo jina letu, likichambuliwa kisarufi, lasema hii ni Jamhuri ya ule Muungano ulio wa Tanzania. Majina yote mawili ni sahihi na yote ni rasmi, lakini mpango wa ndani si mmoja. Mfasiri aliyeondoka na wazo la kwamba kila kirai cha Kiingereza kitabaki kimeshikamana na nomino ile ile kitakapofika Kiswahili, na alitazame jina hili kabla hajaendelea.

Si kila mara upatanisho hutuokoa. Hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000 katika pwani ya kusini ya Mtwara huitwa kwa Kiswahili Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Jina lake la Kiingereza halina kihusishi hata kimoja. Ni nomino zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Kiswahili kimezifungua na kuweka "ya" kila mahali. Na kwa kuwa hifadhi, bahari, ghuba na maingilio zote huchukua "ya", msomaji hawezi kujua kwa umbo ipi inapatana na ipi. Hutegemea mfuatano wa maneno na ujuzi wake wa mambo. Pale upatanisho unapokosa nguvu namna hii, mfasiri anapaswa kuongeza uangalifu wa mpangilio, au kuligawa fungu hilo refu kwa kutumia "iliyo", "inayohusu" na maneno ya namna hiyo.

Tena a-unganifu ina upana wa maana ambao yafaa uangaliwe. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare na kuichapisha mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, "wa" yake haikudai kwamba mabepari hao ni mali ya Venisi, ilitaja makazi. A-unganifu hubeba umilikaji, asili, makazi, kazi, mada na aina. Kwa kawaida muktadha hutuonyesha ni ipi. Lakini mara nyingine muktadha wenyewe ndio unaobishaniwa.

Mtwara inatupa mfano ulio mzito. Gesi asilia iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Miaka ya 2012 na 2013, mpango wa kujenga bomba la kuisafirisha hadi Dar es Salaam ulipozua mabishano makali, maneno "gesi ya Mtwara" yalikuwa midomoni mwa watu. Maneno hayo yaweza kuwa na maana ya gesi ipatikanayo Mtwara, au gesi iliyo haki ya watu wa Mtwara. Msemaji wa Kiswahili halazimiki kuchagua. A-unganifu humruhusu kusema yote mawili kwa pumzi moja. Mfasiri wa Kiingereza hana nafasi hiyo. Akiandika "gas from Mtwara" amemfanya msemaji ataje asili tu. Akiandika "Mtwara's gas" amemfanya adai umiliki. Kisheria jambo hili limekwisha kuelezwa, kwani Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 imeiweka rasilimali hiyo chini ya Jamhuri ya Muungano. Lakini kazi ya mfasiri si kueleza sheria inasemaje. Ni kueleza msemaji alisemaje. Kihusishi alichokichagua kwa haraka kimekwisha kumpanga msemaji upande mmoja wa mabishano.

"Kutoka" linalofafanua nomino

Hapo ndipo tunapofikia desturi iliyoenea sana katika magazeti, redio na nyaraka: "wakulima kutoka Naliendele", "mwakilishi kutoka Wizara ya Kilimo", "barua kutoka kwa mkurugenzi". Hatusemi kwamba matumizi haya yapigwe marufuku. Yana faida yake: hutaja asili bila ya kugusa umilikaji, jambo ambalo a-unganifu haiwezi kulifanya peke yake. Lakini yana hasara ambayo haikutazamwa vya kutosha. "Kutoka" kwa asili ni kitenzi, na linapokaa baada ya nomino bila ya kiambishi cha upatanisho halionyeshi linafafanua nini.

Chukua sentensi hii: "Mkurugenzi alipokea barua za wakulima kutoka Naliendele." Je, barua ndizo zilizotoka Naliendele, au wakulima ndio wa huko, hata kama barua waliziandikia Chikongola? Kiingereza kina utata huo huo, nasi tumeuchukua mzima mzima. Lakini Kiswahili hakikuwa na haja ya kuuchukua. "Barua za wakulima zilizotoka Naliendele" ni jambo moja. "Barua za wakulima waliotoka Naliendele" ni jambo la pili. Kiambishi kimoja, "zi-" au "wa-", kimemaliza shaka. Hivyo anayeandika "kutoka" kwa kuiga "from" huazima udhaifu wa Kiingereza na kuiacha nyumbani silaha ya Kiswahili.

Hayo hayo yaweza kusemwa juu ya neno "kuhusu", na juu ya maneno haya "juu ya". Tangazo la "semina juu ya maji" humfanya msomaji mtundu aulize kama washiriki watakaa mashuani. "Semina ya maji" au "semina inayohusu matumizi ya maji" ingemwondolea kicheko.

Mahali: pale ambapo kihusishi hakihitajiki

Kiingereza hakiwezi kutaja mahali bila ya kihusishi: "in Chikongola", "to Chikongola", "from Chikongola". Kiswahili husema "anakaa Chikongola", "anakwenda Chikongola", "anatoka Chikongola". Jina la mahali limesimama peke yake mara zote tatu, na uelekeo umebebwa na kitenzi. Kwa hiyo anayeandika "anakaa katika Chikongola" hakuongeza maana yoyote. Ameongeza neno tu. Akiandika "katika Kata ya Chikongola" hana kosa, kwa sababu sasa "katika" linaitawala nomino ya kawaida, yaani "kata", iliyofafanuliwa.

Mjini Mtwara yako pia majina ambayo tayari yanabeba alama ya mahali ndani yake: Mikindani, Shangani, Ufukoni, Magengeni. Mwenye kuandika "katika Ufukoni" ametaja mahali mara mbili, sawa na asemaye "katika nyumbani" au "kwenye sokoni".

Kanuni inayofaa kufundishwa ni nyepesi. Nomino ya kawaida iliyo peke yake hupewa "-ni": sokoni, shuleni, baharini. Ikifafanuliwa kwa kivumishi cha sifa, "-ni" haifai, ndipo "katika" linapohitajika hasa: "katika soko kubwa", si "sokoni kubwa". Ikifafanuliwa kwa kimilikishi au a-unganifu, njia zote mbili zi wazi: "katika nyumba yetu" au "nyumbani mwetu", "katika shule ya kijiji" au "shuleni pa kijiji". Majina ya siku na saa hayahitaji chochote: "Jumatatu", "saa nane", wala si "katika Jumatatu". Tukizishika kanuni hizi, idadi ya "katika" katika nyaraka nyingi itapungua sana, na nyaraka zitasomeka.

Liko jambo la ndani zaidi. Tumeona katika sentensi ya (4) kwamba kirai kihusishi cha Kiingereza chaweza kukaa mahali pa kiima. Hilo hutokea kwa nadra, na kitenzi cha Kiingereza hakina namna ya kuonyesha kwamba kiima chake ni mahali. Katika Kiswahili ni jambo la kila siku, na kitenzi hulitambua: "Sokoni pamejaa watu", "Sokoni kumejaa watu", "Sokoni mmejaa watu". Pa- ni ya mahali mahsusi, ku- ni ya mahali pasipo mipaka dhahiri, mu- ni ya ndani. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alizifafanua tofauti hizi akizipanga pamoja na ngeli nyingine za nomino. Kimakonde na Kiyao huziweka pa-, ku- na mu- mwanzoni mwa nomino yenyewe. Kiswahili cha leo kimeweka "-ni" mwishoni, lakini tofauti tatu zimehifadhiwa katika upatanisho. Hata "kwa" ya "nyumbani kwa Ali" si kitu kingine ila a-unganifu iliyopatana na ku-, ndiyo maana twaweza kusema pia "nyumbani pa Ali" na "nyumbani mwa Ali".

Kwa hiyo mwanafunzi wa Mtwara aliyelelewa katika Kimakonde ana ujuzi mkubwa wa tofauti za mahali kabla hajaingia darasani. Mwalimu wa Kiingereza angefanya vema kuanzia hapo. Amwonyeshe kwamba kazi anayoifanya mu- hufanywa na "in" au "inside", na kazi ya pa- mara nyingi hufanywa na "at" au "on". Ulinganifu huo haukukamilika, bali ni daraja la kuvukia, nalo ni bora kuliko kukaririshwa orodha ya vihusishi arobaini visivyo na mwenyeji.

Kitenzi kinachobeba kihusishi tumboni

Mara nyingine Kiingereza hutumia kihusishi pale ambapo Kiswahili hukinyambua kitenzi. Tofauti ya "moved from Chikongola" na "moved to Chikongola" yote imo katika vihusishi. Kitenzi ni kile kile. Kwa Kiswahili ni "alihama Chikongola" na "alihamia Chikongola". Nomino haikuguswa, kauli ya kutendea imefanya kazi yote. Ndivyo ilivyo pia "kimbia" na "kimbilia", "lia" na "lilia", "andika" na "andikia", "kufa" na "kufia". Asemaye "marehemu alifia Mtwara" amekwisha kutaja mahali pa kifo kwa viungo vya kitenzi.

Kwa upande mwingine, vitenzi vingi vya Kiingereza hushikamana na kihusishi maalumu ambacho hakina maana ya mahali kabisa: "wait for", "look at", "listen to", "depend on". Kirai kinachofuata si chagizo la kuongezea habari. Ni kijalizo, na kikiondolewa sentensi huharibika. Kiswahili kina "ngoja", "tazama", "sikiliza", "tegemea", na yambwa hufuata moja kwa moja. Kwa sababu hiyo wanafunzi wetu hukosea pande zote mbili. Huandika "wait me" kwa kukiacha kihusishi kinachotakiwa; na huandika "discuss about the matter" kwa kuongeza kisichotakiwa, kwa kuwa wamezoea "kujadili kuhusu". Makosa haya husahihishwa kwa wino mwekundu mwaka hata mwaka, bila ya mwanafunzi kuambiwa chanzo chake ni nini.

Yafaa pia kutaja "na" na "kwa" katika kauli ya kutendwa. "Mti ulikatwa na mkulima kwa shoka": "na" hutaja mtenda, "kwa" hutaja kifaa. Hapa Kiswahili na Kiingereza vinafuatana vizuri, maana "by" na "with" hugawana kazi hizo hizo. Anayeandika "ulikatwa na shoka" amelifanya shoka kuwa mtu.

Haki ya mtu ndani ya kirai

Mpaka hapa msomaji aweza kusema haya ni mambo ya darasani. Sivyo. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba sheria nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza hazina budi kutafsiriwa, na ndani ya kila kifungu cha Kiingereza kimo kirai kihusishi, pengine vitano. Waamuzi wa Kiingereza wamekuwa na kanuni ya kale kwamba fungu fafanuzi hushikamana na neno la karibu lililotangulia, isipokuwa pakiwa na sababu ya kuamua vinginevyo. Kanuni hiyo isingalihitajika kama virai vyenyewe vingekuwa vinasema wazi vinashikamana na nini.

Tuchukue sentensi mbili tulizozitunga kwa mfano wa kanuni za uvuvi. Ya kwanza: "An officer may seize vessels in the reserve." Kirai "in the reserve" chaweza kukifafanua kitenzi, yaani ukamataji ufanyike ndani ya hifadhi, au chaweza kuifafanua nomino, yaani vyombo vilivyomo hifadhini. Kiswahili humlazimisha mfasiri achague. "Afisa aweza kukamata, ndani ya hifadhi, chombo chochote" ni amri yenye mpaka: chombo kikishavuka nje, mamlaka ya afisa yamekwisha. "Afisa aweza kukamata chombo kilichomo ndani ya hifadhi" huangalia hali ya chombo. Mvuvi wa Msimbati aliyeelekeza tanga lake nje ya hifadhi ana haki ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili iliyokusudiwa.

Ya pili: "Vessels and nets without a licence may be seized." Je, "without a licence" inafafanua nyavu peke yake, au vyombo na nyavu pia? Mfasiri akiandika "vyombo na nyavu zisizo na leseni", "zi-" imepatana na nyavu tu. Basi kwa lugha hiyo chombo chaweza kukamatwa hata kikiwa na leseni. Akiandika "vyombo na nyavu visivyo na leseni", "vi-" imevikusanya vyote viwili na mwenye leseni amesalimika. Herufi mbili zimeamua nani atarudi nyumbani na ngalawa yake. Tena mfasiri huyo pengine hakujua kwamba ameamua neno. Alidhani anapatanisha ngeli tu.

Katika hali kama hiyo mfasiri afanye nini? Kwetu sisi jibu ni moja. Asichague kimya kimya. Pale Kiingereza kinapokuwa na maana mbili na Kiswahili hakiwezi kuzibeba zote, amrudie mtunga sheria na kumwuliza. Akishindwa kumpata, aandike tanbihi. Mfasiri anayeficha utata kwa kujiamulia ametunga sheria bila ya kuchaguliwa na mtu yeyote.

Shauri la istilahi

Wako wanaosema kwamba, kwa kuwa Kiswahili kina vihusishi vichache mno, na vingi kati ya hivyo ni vitenzi au nomino zilizoazimwa, istilahi ya "kirai kihusishi" ifutwe katika sarufi ya Kiswahili. Hoja yao ina uzito. "Kutoka" na "kuhusu" ni vitenzi. "Juu", "mbele", "kabla" na "baada" ni nomino zilizofuatwa na a-unganifu. "Mpaka" ni nomino ya mpaka wa nchi. Hata hivyo hatukubaliani na kufuta. Neno laweza kuwa na asili ya kitenzi na leo likafanya kazi ya kihusishi. Na mwalimu wa Kiingereza anahitaji istilahi ya Kiswahili ya kueleza kitu kilichopo katika Kiingereza, hata kama kwetu ni kichache. Ila tunawapinga kwa nguvu zaidi wale wanaoichukua orodha ya vihusishi vya Kiingereza, wakatafuta neno moja la Kiswahili kwa kila kimoja, na kuiita kazi hiyo sarufi.

Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, istilahi "kirai kihusishi" itumike kutaja umbo tu, kamwe isitumike kutaja kazi. Kwa upande wa kazi zitumike istilahi nyingine ambazo tayari tunazo: kivumishi pale kirai kinapofafanua nomino, chagizo pale kinapoongeza habari za mahali, wakati, namna au sababu, na kijalizo pale kitenzi au neno jingine lisipokamilika bila yake. Swali la mtihani lisiishie kwa "taja kirai kihusishi", bali liendelee: "kinafanya kazi gani, na umejuaje?"

La pili, mwanafunzi afundishwe vipimo. Kirai kikijibu swali la "yupi?" au "kipi?" ni kivumishi, kikijibu "wapi?", "lini?", "vipi?" au "kwa nini?", na sentensi yaweza kusimama bila yake, ni chagizo, sentensi ikianguka, ni kijalizo. Tena ajaribu kukihamisha. Katika "The officer saw the fisherman with the binoculars" hatujui darubini ni ya nani. Kirai kikiletwa mwanzoni mwa sentensi, ni afisa pekee aliyeitumia. Kisha mwanafunzi atafsiri maana zote mbili: "afisa alimwona mvuvi kwa darubini", na "afisa alimwona mvuvi mwenye darubini". Zoezi hilo moja humfunza Kiingereza na Kiswahili kwa wakati mmoja, kwa kuwa Kiswahili humlazimisha kuliona lile ambalo Kiingereza kimelificha.

La tatu, kamusi zetu za Kiingereza na Kiswahili ziache kueleza vihusishi kwa visawe tu. Chini ya "in" au "from" pawekwe sentensi, zikipangwa kwa kazi ya kirai, na zionyeshe pale ambapo Kiswahili hutumia a-unganifu, pale kinapotumia "-ni", pale kinapokinyambua kitenzi, na pale kisipoweka kitu chochote. Kurasa zitaongezeka, lakini mfasiri aliyeketi na kifungu cha sheria mbele yake atapata msaada wa kweli, na mvuvi atakayesomewa kifungu hicho mahakamani atasomewa maneno ambayo mtu aliyafikiri kabla ya kuyaandika.